Shajara ya Juma la Huduma: Mteremko wa Zahanati na Kazi Zilizoambatana Nao

Maandalizi: orodha ya kwanza

Kamati ya huduma ya kanisa imekutana kuhusu juma la huduma kwa jamii katika mji wetu, nami nimekabidhiwa jukumu la kuandika maendeleo ya kazi tangu maandalizi hadi makabidhiano. Naandika kwa ajili ya watakaopokea kijiti baada yetu, kwa hiyo nitakaa zaidi pale ambapo uamuzi ulikuwa mgumu na kupita haraka pale ambapo kazi ilikwenda bila shida.

Orodha iliyowasilishwa kikaoni ilikuwa ndefu, na karibu yote ilitoka vichwani mwetu sisi tuliokuwa mezani: kupaka rangi ukuta wa shule, kugawa nguo, kufagia barabara, kupanda miti. Kazi hizo ni njema. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa imeombwa na mtu anayeishi na tatizo lenyewe, na asiyekuwepo na lake halipo. Mzee wa kanisa anayeongoza kamati akapendekeza tuiweke kando orodha hiyo, tutume watu wawili wawili kwa viongozi wa mtaa, kwa wauguzi wa zahanati, kwa walimu, kwa chama cha watu wenye ulemavu na kwa jirani zetu wa imani nyingine, wakawaulize ni jambo gani litakalowafaa hata baada ya sisi kukunja mikeka na kuondoka. Pendekezo hilo lilipita, ingawa wapo waliolalamika kwamba tunapoteza muda.

Majibu yaliyorudi yalikuwa mbali sana na orodha yetu. Walimu walisema ukuta wao uliwahi kupakwa rangi na kundi jingine la wanaojitolea muda si mrefu uliopita, na kwamba wanachohitaji ni mitaro ya uwanja wa shule izibuliwe, kwa sababu maji yanayotuama humo yanazalisha mbu. Hospitali iliomba wachangiaji wa damu. Wauguzi wa zahanati walitaja mambo mawili: watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hufika wakiwa wamekwisha kudhurika, na mlango wa wagonjwa wa nje una ngazi tatu ambazo mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuzipanda kwa nguvu zake. Chama cha watu wenye ulemavu kililieleza hilo la ngazi kwa uzito zaidi. Mama mmoja mwanachama alisema kwamba kila akienda kliniki hubebwa na wanaume asiowajua, wakimshika mahali ambapo asingependa kushikwa, na kwamba amewahi kuahirisha matibabu ili tu aepukane na aibu hiyo. Baada ya maneno yake hatukuhitaji kupiga kura kuhusu kazi itakayotangulia: kujenga mteremko wa zege mlangoni pa zahanati, ili mwenye kiti cha magurudumu apande mwenyewe.

Maandalizi: nani ahudumiwe

Ubishi mkubwa zaidi wa maandalizi yote ulihusu matengenezo madogo katika nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Baadhi ya wajumbe walitaka orodha ianze na wazee wa usharika wetu, na wengine wafuate iwapo vifaa vitabaki. Hoja yao haikuwa ya ubinafsi, kwa kuwa sadaka zilizonunua vifaa zilitoka kwa waumini, wakiwemo baadhi ya wazee hao hao. Mchungaji alijibu kwa kutukumbusha historia. Katika karne ya 4, mfalme Julian wa Roma, aliyetawala kuanzia mwaka 361 hadi 363 na ambaye aliukana Ukristo, alimwandikia kuhani mkuu wa dini ya kale akilalamika kwamba Wagalilaya, jina alilowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na pia maskini wa watu wake. Ushuhuda huo ulitoka kinywani mwa mpinzani, na kwa maoni yangu ndiyo maana una nguvu: hakuwa na sababu ya kuwasifu. Mchungaji aliongeza habari ya sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, ambapo wajane waliozungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema kuisimamia. Manung'uniko hayo yalijibiwa kwa kuweka utaratibu na wasimamizi, na sisi tukafanya vivyo hivyo. Orodha ya nyumba iliandaliwa na viongozi wa mtaa pamoja na wauguzi kwa kigezo cha uhitaji peke yake, na hakuna mtu aliyeulizwa anasali wapi.

Katika kikao hicho hicho tulipitisha kanuni za usalama. Hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto asiye wake, na hakuna atakayeingia peke yake chumbani mwa mzee au mgonjwa. Picha za watu wanaohudumiwa hazitapigwa bila ridhaa yao, na ridhaa hiyo iombwe baada ya huduma, ili mtu asidhani kwamba akikataa picha atanyimwa msaada. Kanuni hii ya mwisho ilipendekezwa na msichana wa umri mdogo kuliko wote katika kamati, na naiona kuwa ndiyo bora kuliko zote.

Maandalizi: vipimo vya mteremko

Fundi mwashi alikuja na kamba, timazi na pima maji. Kizingiti cha mlango kiko sentimita 45 juu ya uwanja. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo mteremko wetu ulipaswa kuwa na mita 5.4. Uwanja ulio mbele ya mlango hautoshi kwa urefu huo kwa mstari mmoja, na mjumbe mmoja akashauri tuukate nusu, tubaki na mita 2.7, ili tuokoe saruji na nafasi.

Tulimwita yule mama wa chama cha watu wenye ulemavu atoe maoni yake, naye alituonyesha hatari ya ushauri huo badala ya kuieleza. Tulilaza mbao mbili nene kwa kimo na urefu uliopendekezwa, akajaribu kupanda huku vijana wawili wakiwa tayari nyuma yake. Alipofika katikati magurudumu ya mbele yalinyanyuka, kiti kikaanza kuegemea nyuma, na vijana wakamdaka. Tulipozihamisha mbao na kuzilaza kwa uwiano wa moja kwa 12, alipanda polepole, akapumzika, akaendelea, na akafika kizingitini bila kuguswa na mtu. Tangu hapo hakuna aliyezungumza tena habari ya kuokoa saruji. Fundi aliamua mteremko uwe na kona: vipande viwili vya mita 2.7 kila kimoja, na katikati yao jukwaa tambarare la mita 1.5 kwa 1.5 ambapo kiti kinaweza kugeuka na mtu akavuta pumzi. Upana utakuwa mita 1.2, na pembeni patakuwa na ukingo mfupi wa kuzuia gurudumu lisitoke nje.

Kuta fupi za pembeni zilijengwa na fundi na wasaidizi wachache siku kadhaa kabla ya juma lenyewe, ili zikauke vizuri kabla ya kubebeshwa mzigo.

Jumatatu

Baada ya sala fupi kazi ilianza mapema. Kundi kubwa lilikuwa zahanati, likijaza mawe na udongo kati ya zile kuta na kushindilia tabaka kwa tabaka. Kazi hii haivutii macho, na vijana walitamani kufika haraka kwenye zege, lakini fundi hakuruhusu tabaka jipya limwagwe kabla ya lililotangulia kukaza kiasi kwamba kisigino cha buti hakiachi alama. Alieleza kwamba udongo uliojazwa kwa pupa hutitia baadaye, na zege likikosa mahali pa kuegemea hupasuka hata likiwa limechanganywa vizuri namna gani.

Kundi dogo lilianza ziara za nyumba za wazee. Kazi zao zilikuwa bawaba za milango, vitasa, na vishikio vya ukutani karibu na choo.

Jumanne

Leo tumemwaga zege, na siku hii inastahili maelezo marefu kuliko nyingine.

Uwiano ulikuwa sehemu moja ya saruji, sehemu mbili za mchanga na nne za kokoto. Kwa unene wa sentimita 10, mteremko pamoja na jukwaa la kona na lile la mlangoni ulihitaji takribani mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 hivi ya saruji ya kilo 50. Tulichanganya kwa koleo juu ya mabati, saruji na mchanga vikiwa vikavu kwanza hadi rangi ikawa moja, kisha kokoto, kisha maji. Hapo kwenye maji ndipo ulipozuka mvutano. Zege lenye maji machache ni zito kuligeuza, mikono inachoka, na aliyekuwa na ndoo alisihiwa mara kwa mara aongeze kidogo tu. Fundi alisimama karibu na ndoo na hakuondoka. Kwa kila mfuko wa saruji aliruhusu lita 25 hivi, akihesabu na unyevu uliokuwamo mchangani, na alifafanua kwamba maji yanayozidi yale ambayo saruji inayahitaji hubaki ndani ya zege, kisha hukauka na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana, na vitundu hivyo ndivyo vinavyolifanya zege liwe dhaifu. Aliteka zege kwa mwiko, akaligeuza: likabaki limeshikamana kwa muda, kisha likaanguka kwa kipande kimoja. Akasema hivyo ndivyo anavyolitaka.

Wote waliogusa zege walivaa buti za mpira na glavu, kwa kuwa saruji mbichi ina magadi makali yanayounguza ngozi taratibu bila mtu kuhisi hadi jioni. Maji safi ya kunawa yaliwekwa karibu muda wote. Mtu mmoja aliyerukiwa na zege jichoni aliinamishwa na kuoshwa kwa maji mengi mfululizo, kisha akapelekwa kwa muuguzi aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo, na anaendelea vizuri.

Zege lilipoanza kushika, fundi alilichana kwa ufagio mgumu kwa kukingama na mwelekeo wa mpando, ili magurudumu na fimbo za kutembelea visiteleze wakati wa mvua. Mistari ile ilikuwa ya kina cha msumari mwembamba, iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee mmoja ambaye macho yake hayaoni aliomba aiguse kwa ncha ya fimbo yake kwenye kona iliyokuwa imekwisha kukaza, akasema kwamba mistari hiyo itamjulisha kuwa amefika penye mteremko. Hilo hatukuwa tumelifikiria, wala halikuwamo katika vipimo vya fundi.

Jioni magunia yaliyoloweshwa yalitandazwa juu ya kazi yote. Hapa ndipo palipo kiini cha mradi huu. Zege halipati nguvu kwa kukauka, linapata nguvu kwa saruji kuungana na maji, na muungano huo unahitaji unyevu kwa siku zisizopungua 7, huku nguvu kamili inayotegemewa ikipimwa siku ya 28. Juma la huduma litakuwa limekwisha kabla zege halijatimiza hata siku 7. Kwa hiyo tumeandaa zamu ya kumwagilia asubuhi, mchana na jioni, na kwa makusudi zamu hiyo imegawanywa baina ya vijana wa kanisa, walinzi wa zahanati na wanachama wa chama cha watu wenye ulemavu, ambao wameomba wenyewe kupewa zamu.

Jumatano

Upimaji wa shinikizo la damu umefanyika katika ukumbi wa kanisa chini ya wauguzi, sisi tukiwa wasaidizi. Jukumu letu kubwa lilikuwa kuwafanya watu wakae kimya. Mtu akifika akiwa ametembea haraka, au akipimwa huku anazungumza, miguu imepishana na mkono unaning'inia, kipimo hupanda bila yeye kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo kila aliyefika alikalishwa kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemezwa, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Mama mmoja mcheshi alitaka kunisimulia habari za wajukuu wake wote wakati kitambaa kikimbana mkono. Nilimwomba, "Mama, tafadhali nitunzie habari hizo kwa dakika moja tu," naye akanyamaza, na kipimo cha pili kikawa chini ya kile cha kwanza.

Waliofikia 140 kwa 90 au zaidi hawakuambiwa kwamba ni wagonjwa, kwa sababu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hali hiyo huthibitishwa kwa vipimo vya siku mbili tofauti. Walipewa kadi yenye tarehe ya kurudi zahanati, na majina yao yalibaki kwa wauguzi peke yao. Niliposikia tangazo lililopendekezwa kusomwa Jumapili, lenye idadi ya watu "tuliogundua kuwa na presha", niliomba lirekebishwe. Tulichofanya ni kuwaelekeza watu kwa wataalamu, na mafanikio yetu yatajulikana kwa idadi ya watakaorudi.

Alhamisi

Damu imechangwa. Waliojitokeza walikuwa wengi kuliko vitanda, na wahudumu wa benki ya damu wakafanya jambo ambalo baadhi yetu hawakulitarajia: waliwaomba wachangiaji kadhaa warudi siku nyingine. Maelezo yao yalitufaa sana. Chembe nyekundu huhifadhiwa katika jokofu kwa siku 42 hivi, ilhali chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu kwa siku chache tu, kwa hiyo damu nyingi ya siku moja haiwezi kufidia upungufu wa miezi inayofuata. Mchangiaji naye anahitaji kupumzika; Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau majuma 12 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke kabla ya kuchangia tena. Tumeandika majina ya walio tayari, tukayagawa katika makundi manne ya kupokezana mwaka mzima. Kundi moja litaangukia karibu na tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, ambayo ni siku ya kuzaliwa ya Karl Landsteiner, mwanasayansi aliyegundua makundi ya damu na bila ugunduzi wake kazi ya leo isingewezekana kwa usalama.

Ijumaa

Ziara za wazee zimemalizika. Nitaje moja tu. Mzee aliyekuwa ameorodheshwa kwa ajili ya kitasa cha mlango alituambia kwamba kitasa kinaweza kungoja, ila angefurahi kama mtu angemsomea barua alizopokea kutoka hospitali, maana miwani yake imevunjika na haoni aibu kusema hivyo. Mmoja wetu alikaa naye kumsomea barua zote, na katika mojawapo kulikuwa na tarehe ya kliniki ambayo bado haijapita. Kitasa nacho kilitengenezwa. Nimependekeza kwamba fomu ya ziara zijazo iwe na nafasi tupu chini ya swali la mwenye nyumba anahitaji nini siku hiyo hiyo.

Jumamosi

Mitaro ya shule imezibuliwa na wazazi, walimu na waumini bega kwa bega. Wanafunzi waliruhusiwa kukusanya vyombo vilivyotupwa uwanjani, lakini uchimbaji wa tope uliachiwa watu wazima wenye glavu nene na buti, kwa hofu ya vioo, sindano na mkojo wa panya unaoweza kueneza maradhi.

Mwalimu wa sayansi alitupa somo fupi penye rundo la matairi chakavu. Mbu wa jamii ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, hutaga mayai yanayogandamana na kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo matairi yaliyohitajika kwa michezo yalisuguliwa kwa brashi ndani na kutobolewa, na mengine yakaondolewa kabisa. Uongozi wa shule umekubali kwamba ukaguzi wa vyombo vyenye maji ufanyike kila juma, kwa kuwa yai la mbu huweza kufikia kuwa mbu kamili katika muda wa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto.

Jumapili

Taarifa imesomwa kanisani. Badala ya kutaja saa tulizofanya kazi, kamati ilisoma orodha ya mambo ambayo hayajakamilika na jina la kikundi kinachowajibika kwa kila moja. Baadhi ya waumini walitarajia shangwe kubwa zaidi, nami nawaelewa, kwa kuwa watu walijitoa kwa hali na mali. Hata hivyo naamini kwamba orodha ile ilikuwa shukrani ya kweli zaidi kwa wenyeji wetu, kwa sababu iliwaahidi kitu wanachoweza kutudai.

Baada ya juma: siku ya 7 ya zege

Magunia yameondolewa. Zamu ya kumwagilia haikukatika, na daftari la mlangoni lina sahihi za vikundi vyote vitatu. Kuna ufa mmoja mwembamba kwenye kona ya jukwaa. Fundi ameukagua, akasema ni wa juujuu tu, na ameuwekea alama ya penseli na tarehe ili ajue kama utarefuka. Mteremko bado umefungwa kwa kamba.

Baada ya juma: siku ya 28 ya zege

Ufa haukurefuka. Vishikio vya mabomba vimefungwa pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 90, na kamba imeondolewa. Wauguzi wanaripoti kwamba mteremko unatumiwa pia na akina mama wenye watoto migongoni, wazee wenye fimbo na wabebaji wa mizigo ya dawa. Kuhusu kadi za shinikizo la damu, zaidi ya nusu ya waliopewa wamekwisha kurudi. Wauguzi wataendelea kuwatafuta waliobaki, na wahudumu wawili wa kanisa watawasindikiza wale wasioweza kwenda peke yao.

Limebaki jambo moja. Maji ya mvua yanakusanyika pale mteremko unapoanza, kwa sababu uwanja una mwinamo wa kuelekea huko, na kiti cha magurudumu kinalazimika kupita topeni kabla ya kufika kwenye zege. Fundi amependekeza mfereji mfupi wenye kifuniko cha chuma chenye matundu membamba yasiyoweza kunasa gurudumu la mbele. Saruji iliyobaki inatosha, kifuniko kimeagizwa, na kazi itafanyika Jumamosi ijayo. Chama cha watu wenye ulemavu ndicho kitakachoisimamia, sisi tutapeleka mikono ya kuchimba.